Asiyeamkia Haingii

Jumatatu, 5 Juni 1995
Ukungu umezidi. Si wa Uluguru, wa machoni mwangu. Miaka ishirini na sita nalinda geti la kiwanda, mwizi hata mmoja hajapita! Sasa kiwanda kimeuzwa, tajiri mpya anapunguza watu. Mikidadi, mlinzi mwenzangu, ananipungia mkono mbele ya uso kunipima. Nimebuni mbinu: asiyetoa shikamoo haingii. Sauti nazijua zote. Macho ya nini?

Jumatano, 7 Juni
Mke wangu Paskalia kanikokota hospitali. Daktari kasema nina mtoto wa jicho, kote kuwili, nije Jumatatu amtoe. Nikamjibu watoto wangu ni saba, huyo wa jicho simtambui. Paskalia hakucheka. Njiani akanishika mkono kama kipofu. Nikauchomoa. Nikaingia mtaroni.

Ijumaa, 9 Juni
Mbinu safi! Makarani wote wameniamkia. Saa nne kikasimama kivuli, kimya. Nikangoja. Nacho kikangoja. Robo saa nzima! Mara Mikidadi akaja mbio: "Shikamoo mzee!" Nikaitika marahaba, kwa sauti nzito.
Kumbe hakuniamkia mimi. Kivuli ni mzee Dolat, tajiri mwenyewe, miaka themanini, alikuwa anangoja shikamoo yangu! Mikidadi akamwambia taratibu anisamehe, mzee huyu haoni. Angenicheka ningempiga. Alinihurumia.

Jumatatu, 12 Juni
Nimepunguzwa. Barua kasoma Paskalia, nilimwambia nimesahau miwani. Sijawahi kuwa na miwani.
Leo ndiyo siku ya daktari. Paskalia alivaa kanga mpya, akanisubiri mlangoni mpaka jua likawa kali. Nikamwambia mlinzi haachi lindo. Akauliza lindo gani. Akavua kanga, akaikunja.

Jumatano, 14 Juni
Nimeweka kiti nje, nalinda mlango wangu mwenyewe. Sheria ileile. Paskalia kaenda sokoni. Saa tano kaja mtu: "Shikamoo babu." Polepole, kwa heshima kabisa. Sauti sikuijua, lakini adabu naijua. Nikamruhusu. Wakati wa kutoka akaaga vizuri pia.
Paskalia karudi, analia. Baiskeli haipo. Ile niliyopewa mwaka 1978, mfanyakazi bora.
Anasema ni yule mgeni. Hata! Mwizi ataitoa wapi shikamoo nzuri vile? Kapita mwingine huyo, asiyeamkia. Kesho nakaza sheria: shikamoo mara mbili.