Kidole Gumba cha Bi Zuhura

Afadhali mlisikie kwangu kabla halijawafikia kwa mdomo mwingine. Leo nimejiaibisha mbele ya darasa zima, mkubwa wangu wa kazi akiwa ameketi mstari wa mbele, na aibu yenyewe nimeitengeneza kwa mikono yangu. Kwa kidole kimoja, tukitaka kuwa wakweli.

Kwa wasionijua, naitwa Mutiso. Nilikuja Mombasa kutoka Machakos miaka sita iliyopita, na kazi yangu ni mambo ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa kisiwani (sikitaji, kimeshapata aibu ya kutosha kwa siku moja). Mwaka huu chuo kiliamua kuwafuata wenyeji mitaani badala ya kuwangoja langoni. Mimi nikapewa darasa la Mji wa Kale. Kina mama na wazee wafundishwe simu na kompyuta, wajue kuuza bidhaa mtandaoni, wajue kujaza fomu za serikali bila kupanga foleni kwenye vibanda vya intaneti. Miezi mitatu, mara mbili kwa wiki, ghorofani kwa Bi Dija, mjane mwenye nyumba kubwa kwenye kichochoro kisicho mbali na Ngome ya Yesu. Bi Dija alitupa ukumbi wake bure, kwa sharti kwamba viatu vibaki chini ya ngazi na yeye mwenyewe akae mbele.

Pamoja na darasa nilipewa mashine ya kusoma alama za vidole. Mwanafunzi akifika anabonyeza kidole gumba, taa ya kijani inawaka, jina lake linaingia kwenye mfumo wa chuo. Hakuna karatasi, hakuna kuita majina. Niliipenda mashine ile kupita kiasi. Kila siku ya darasa niliifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. (Miwani yenyewe naifutia shati.)

Leo ilikuwa siku ya kufunga muhula. Dkt. Saumu, naibu mkuu wa chuo anayesimamia huduma kwa jamii, alikuwa anakuja mwenyewe kuamua kama darasa liendelee au lifungwe. Likifungwa, na mkataba wangu ndiyo basi. Hilo aliniandikia bila kuzunguka, akamalizia kwamba anataka kuuona mfumo ukifanya kazi. Basi wiki nzima nimekuwa juu ya ripoti, nikiipamba.

Katika kupamba huko nikakuta jambo la kunifurahisha. Wanafunzi wote walikuwa wamekosa siku hapa na pale. Huyu alikwenda Lamu, yule alikuwa na maziko, wengine walikuwa na harusi zisizokwisha. Lakini mmoja hakukosa hata siku moja. Zuhura Abdalla. Tena kila siku alikuwa wa kwanza kufika, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sura yake sikuikumbuka, ila sikulitia maanani hilo. Nikaandika cheti cha mahudhurio bora, nikapita Barabara ya Biashara nikamnunulia doti ya leso nzuri kwa fedha zangu mwenyewe. Nilishaona picha nzima kichwani: mama wa watu analia kwa furaha, Daktari anapiga makofi, mkataba unasainiwa.

Dkt. Saumu akafika saa nne. Gari lilibaki Makadara kwa sababu vichochoro vyetu havina nafasi ya gari lake, akaja kwa miguu. Bi Dija akampokea kwa salamu za kuanzia yeye, watoto, wajukuu, mpaka hali ya hewa ya Kizingo anakokaa. Tukala mahamri na viazi karai. Mzee Twahir, aliyekuwa karani bandarini kabla ya kustaafu, akamwonyesha Daktari jinsi anavyotuma picha za tasbihi anazouza. Mambo yalikuwa mazuri. Ningenyamaza pale, saa hizi ningekuwa nakula zangu chakula cha mchana kwa raha.

Nikasimama.

"Na sasa," nikasema, "tunamtuza mwanafunzi ambaye hajakosa hata siku moja. Bi Zuhura Abdalla, tafadhali njoo mbele."

Watu wakatazamana. Nikarudia jina kwa sauti ya mshereheshaji, na mkono nikaunyoosha. Hakuinuka mtu.

Bi Dija akainama kidogo kunielekea. "Mwalimu, Zuhura yupi?"

"Zuhura Abdalla."

"Huyu wa hapo konani, apikaye vitumbua?"

"Ndiye, nadhani."

"Huyo hakuja, mwanangu."

"Leo?"

"Hajaja kabisa. Alikuja siku ya kuandikishwa, akarudi zake."

Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu angekohoa, akanywa maji, akasema kuna kosa dogo tutaliangalia. Mimi nikacheka. Nikamcheka Bi Dija, nyumbani kwake, nikiwa nimesimama kwenye zulia lake.

"Bi Dija, kwa heshima zote, binadamu husahau. Mashine haisahau."

Mzee Twahir akaweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi miezi mitatu nakaa mkabala na mlango huu. Zuhura namjua tangu yu mtoto. Sikumuona kwa mato yangu haya."

"Mzee wangu, labda ulikuwa umepitiwa na usingizi."

Kina mama wakaguna. (Nimelisema hilo mimi, kwa mzee wa watu. Siamini mpaka sasa.)

Dkt. Saumu akanitazama juu ya miwani yake. "Mutiso, mfumo wasema alikuja kila siku?"

"Kila siku, Daktari. Mfumo huu haudanganyiki. Nitawaonyesha wote."

Nikaiunganisha mashine na projekta ili jina litokee ukutani, kubwa, kila mtu aone. Nikawageukia kama mganga wa sokoni. "Tuchukue mfano wa mimi mwenyewe. Kila siku kabla hamjafika huipima mashine kwa kidole changu. Taa ya kijani ikiwaka, najua imenitambua kama msimamizi." Kweli ndivyo nilivyofanya siku zote. Kioo cha mashine ni kidogo, maandishi yake ni madogo zaidi, nami nilikuwa naitazama taa tu.

Nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka. Ukutani kukatokea hivi:

KARIBU, ZUHURA ABDALLA. JINSIA: MKE. KAZI: MPISHI WA VITUMBUA. HONGERA, HUJAKOSA HATA SIKU MOJA.

Hakucheka mtu. Afadhali wangecheka. Nikafuta kidole kwenye suruali, nikabonyeza tena. Karibu, Zuhura Abdalla. Nikabonyeza polepole, nikabonyeza haraka, nikabonyeza kwa upande. Hongera, hujakosa hata siku moja. Nikajaribu gumba la mkono wa kushoto. Taa nyekundu: MTU HUYU HATAMBULIKI. Kwa mujibu wa ukuta ule, nilikuwa ama Bi Zuhura ama si mtu yeyote.

Mzee Twahir ndiye aliyeanza. "Bi Zuhura," akasema taratibu, "ndevu hizo wazifuga tangu lini?"

Hapo nyumba ikalipuka. Kuna mama alilala kabisa begani kwa mwenzake. Wengine walijifunika mitandio usoni na mabega yakawa yanatikisika. Mimi nimesimama na cheti mkononi, ukutani jina langu jipya linang'aa, sina wa kumlaumu.

Dkt. Saumu hakucheka. "Na Bi Zuhura mwenyewe yuko wapi?"

"Yuwaja," akasema Bi Dija, ambaye kumbe alishampigia simu sisi tukicheka. "Nimemwambia aje vivyo hivyo, asiniletee mambo ya kubadili nguo."

Baada ya dakika chache Bi Zuhura akaingia, unga mkononi, amejitupia buibui juu juu. Akamsalimu Daktari, akawasalimu wote, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, hujambo? Na lile jino lako lilipona?"

Jino. Siku ya kuandikisha watu nilikuwa naumwa jino. Yule mama nilimwona kwa dakika tano, miezi mitatu iliyopita, naye anakumbuka jino langu. Mimi sura yake nilikuwa nimeshindwa kuikumbuka.

"Lilipona, mama," nikasema.

Dkt. Saumu akamwomba aketi. "Mama, kwa nini uliacha masomo?"

"Sikuwata, bibi. Nilirudishwa." Akaangalia mikono yake. "Nilikuja kuandikishwa ile wiki ya harusi ya mwanangu. Vidole vyote vina hina na piko, mpaka ncha. Hino mashine ikawa haisomi. Mwalimu akajaribu, mara ya pili, mara ya tatu. Akabonyeza na chake kunionyesha jinsi ya kubonyeza. Kisha akan'ambia, mama, mashine haikutaki, nenda kaitoe hiyo hina ndipo urudi."

Kina mama wakanigeukia.

"Sasa hina haikoshwi ikatoka, mwanangu," akaniambia, kama anayemfundisha mgeni. "Hukaa mpaka iishe yenyewe. Tena mimi ni mama wa bi harusi, niitoe kwa nini? Nikangoja. Ilipotoka wenzangu washafika mbali. Nikaona haya kuja kuwa nyuma peke yangu."

Aliyasema bila hasira hata kidogo. Angekasirika ningejitetea, ningetaja foleni iliyofika ngazini, joto, jino. Badala yake yote nikaanza kuyakumbuka. Nilibonyeza gumba langu kumwonyesha, mashine ikalia, taa ya kijani ikawaka. Nilidhani inasema iko tayari. Haikuwa hivyo. Ilikuwa imechukua kidole changu na kukiweka kwenye jina lake. Mimi nikamwambia maneno yale, nikasema "anayefuata", na jina lake sikulifuta. Tangu siku ile kila nilipoipima mashine nilikuwa namwandika Bi Zuhura kwamba amefika, wa kwanza, kabla ya wote. Miezi mitatu nimemhudhuria mama wa watu darasa nililomfukuza mwenyewe.

Kuchekwa nilishakuzoea kufikia hapo. Kilichoniuma ni kwamba nilimrudisha mwanamke wa rika la mama yangu mbele ya majirani zake, kwa sababu alikuwa amejipamba kwa harusi ya bintiye, kisha nikaenda kula chakula cha mchana nikamsahau. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nimeishi pwani miaka sita nikajiona mwenyeji, na mfumo wangu haukujua kwamba mji huu una harusi.

"Bi Zuhura, naomba radhi," nikasema. "Na Mzee Twahir, na Bi Dija. Nimewakosea."

"Mimi sina neno nawe," akasema Bi Zuhura. Kisha macho yake yakaenda mezani. "Hiyo doti ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Ya mahudhurio bora."

"Mimi sikuhudhuria. Apewe aliyehudhuria."

Sikuwahi kusikia vigelegele vya namna ile karibu hivyo. Bi Dija akaipokea leso, akanitanda moja mabegani na nyingine akanifunga kiunoni, akakaza fundo vizuri. Dkt. Saumu, ambaye tangu afike hakuwa ameonyesha jino, akatoa simu yake akapiga picha. Akapiga nyingine kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

Nikiwa katika vazi hilo ndipo nilipomuuliza. "Daktari, na darasa?"

Akarudisha simu mkobani. "Darasa litaendelea. Watu hawa wamejifunza, nimeona mwenyewe. Mkataba wako nitausaini. Mashine irudi ofisini leo, na mahudhurio yaandikwe kwenye daftari. Ila kalamu usiishike wewe."

"Aishike nani?"

"Mimi naweza," akasema Bi Zuhura, "nikikubaliwa kuandikishwa."

Bi Dija akaleta daftari la wajukuu. Bi Zuhura akapangusa unga, akapiga mstari kwa rula, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri kuliko fonti zote ninazozijua. Kisha akaniangalia. Jina? Nikamwambia mimi ni mwalimu. Akasema ualimu wangu utajulikana nikifika, kwanza jina. La baba je? Nikasema. Saa ngapi hufika? Nikasema saa tatu na nusu. Bi Dija akasema saa nne kasoro dakika tano, na jasho. Ikaandikwa saa nne kasoro dakika tano.

Basi nimeipakia mashine kwenye tuktuk, nimeirudisha ofisini, nimekuja nyumbani. Nimefungua simu nikakuta picha iko kwenye ukurasa wa chuo, mimi na leso zangu, chini wameandika: "Mwanafunzi bora wa mahudhurio, Mji wa Kale." Mama yangu ameshanipigia kutoka Machakos akilia kwa furaha, anasema hakujua kwamba nimerudi kusoma. Nimemwambia asante. Yeyote kati yenu mwenye namba yake, namwomba kwa unyenyekevu aifute.