Bakteria Rafiki kwa Wazee Waliopata Kiharusi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Tendaji, Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati inayoisimamia Kamati Tendaji, Daktari Mfawidhi, wazee wangu mliopooza mkono wa kulia, wazee wangu mliopooza mkono wa kushoto, na wengine ambao vyeo vyenu havijanifikia: jipigieni makofi. (Wazee wanapiga mapaja kwa mkono uliobaki.)

Ndugu zangu, sayansi ya kisasa, ambayo mimi binafsi, kama Mratibu wenu, niliifuata hadi ng'ambo kwenye hoteli yenye lifti mbili, inatuambia kwamba utumbo na ubongo huwasiliana, na kwamba bakteria rafiki, yaani probayotiki, huenda wakamsaidia mzee aliyepata kiharusi kurudisha kumbukumbu na maneno. Hilo “huenda” wataalamu walilisisitiza mno, lakini nimeliondoa kwenye roudimapu yetu, yaani mpango kazi, kwa sababu linapunguza kasi ya utekelezaji. (Vicheko meza kuu.)

Ndiyo maana tukabuni Mradi Shirikishi wa Utumbo Imara, Ubongo Bora, na kwa kuwa mradi wenye hadhi hauwezi kukaa kibarazani, tulichukua chumba cha mazoezi cha kituo hiki, tukang'oa vile vyuma ambavyo wazee walikuwa wakivishika kujifunza kutembea, tukaweka zulia, kiyoyozi na kiti changu kinachozunguka. (Minong'ono.) Msigune. Data zinaonyesha asilimia sitini na tatu ya wazee wamepiga hatua, wakiwemo waliobebwa.

Mfano hai ni huyu mama mshonaji. Alipoletwa hapa hakuweza kutamka hata jina la bintiye. Mama, hebu waambie stekiholda wetu, hawa wadau wote. (Binti anamshika kiunoni. Mama anahangaika na mdomo, jasho linamtoka, kisha anasema: “Rudisha vyuma.”) Mmesikia wenyewe: maneno mawili, yamenyooka, tena yana mantiki. (Makofi meza kuu. Binti anasema mama alikuwa ameshaanza kufika mlangoni kwa miguu yake, na sasa hawezi hata kusimama peke yake. Anauliza basi hizo dawa za bakteria mama ataanza kupewa lini.) Binti yangu, punguza presha, nafika huko.

Utumbo imara. (Wazee wanatazamana.) Ubongo bora. (Wajumbe: “Bora.”)

Namalizia kwa kuwashukuru nyinyi wazee wetu, maana mmetupa asilimia sitini na tatu kabla hata kidonge kimoja hakijaagizwa, kabla mtaalamu hajaajiriwa, na kabla mradi wenyewe haujasajiliwa. Kwa mafanikio makubwa kiasi hiki, Kamati imeona hakuna haja tena ya kuuanzisha. Asanteni sana. Wanaoweza kutembea, tembeeni salama.