Mama Yangu Yuko Diski Ndogo

Jumatatu, 3 Agosti

Mstari umekuwa mwekundu tena. Ee Mungu wangu!

Niandike taratibu, maana kichwa changu nacho kimejaa. Hapa sebuleni tuna mashine. Ni kompyuta kuukuu aliyoileta binti yangu Agnella kutoka Morogoro anakofanya kazi, ili picha na video zote za ukoo zikae mahali pamoja, simu zetu zipumue. Ndani ina diski mbili. Ile kubwa ni ghala, picha zinakaa humo. Ile ndogo ni ya kuwashia tu, mashine ikiamka inaamkia hapo. Agnella akanionyesha mstari kwenye kioo: ukiwa wa bluu kuna nafasi, ukiwa mwekundu diski ndogo imejaa. Akasema mama, nakuomba, hiyo ndogo usiiwekee kitu, ikijaa mashine haitaamka. Nikasema sawa mwanangu.

Sawa ya mdomoni.

Mimi nimelelewa na mama yangu Margareta, Mungu amrehemu, kule kijijini Mbingu. Kwetu chakula cha kula kilikaa ghalani. Mbegu ya mahindi ilining'inizwa jikoni, juu ya moto, moshi ufukuze fukusi. Ghalani kila mtu anaingia, panya naye anaingia. Cha thamani kinakaa karibu na moto. Sasa kwenye mashine moto uko wapi? Si hapo inapoamkia! Kwa hiyo nimeweka hapo ubatizo wa Agnella, kipaimara chake, mahafali yake. Na video ya mama. Hiyo nimeihamisha kabisa, ghalani haipo tena. Mbegu huiachi pande mbili.

Ndiyo video pekee yenye sauti yake. Jumamosi ni misa ya kumbukumbu, mwaka tangu atutoke, na wote nimeshawatangazia kwamba watamsikia mama akiongea. Wifi yangu Bibiana wa kijiji cha Kisawasawa, dada yake mume wangu, katuma ujumbe kwamba atakuja na spika yake na nyimbo za kwaya, endapo mashine yangu itaona haya mbele ya watu.

Mashine yangu ione haya! Tutaona.

Jumanne, 4 Agosti

Mpango: kupunguza mizigo.

Nimeanza na mechi za mpira za baba Agnella. Zilikuwa zimejaa pale mbele kwenye kioo, na Agnella alishasema kila kinachokaa mbele kwenye kioo kinakula diski ndogo. Nikazitupa zote kwenye pipa la taka. Nikatupa na picha zote za Bibiana alizokaa vibaya. Alizokaa vizuri ni chache, hazina uzito.

Mstari ukabaki mwekundu! Hata haukutikisika.

Nikampigia Agnella. Akauliza kama nimemwaga pipa. Nikamwambia mwanangu, tangu lini pipa la nyumba hii likamwagwa hivi hivi? Pumba za kuku zinatoka humo. Maganda ya kulisha mbuzi yanatoka humo. Pete yangu ya ndoa ilitoka humo! Akasema mama, vilivyo kwenye pipa bado vinakula nafasi, limwage. Nikasema sawa.

Jioni baba Agnella akaulizia mpira wake. Nikasema upo, umepumzika. Akaenda kwenye pipa mwenyewe, akautoa wote, akaurudisha pale pale mbele. Hakunisemesha mpaka wakati wa kula.

Ningemwaga je? Ndoa ingekuwa wapi leo?

Jumatano, 5 Agosti

Leo nimemwaga pipa. Nusu. Yaani picha za Bibiana tu. Mechi moja nayo nikairudisha humo ikaenda, ile waliyofungwa, nadhani hataitafuta. Mstari ukageuka bluu! Nikapiga kigelegele peke yangu, kuku wakakimbia.

Haikupita hata saa akaja jirani yangu Nyamizi na maziwa. Nyamizi ni Msukuma, walihamia huku na ng'ombe wao, na tangu wafike sijawahi kununua maziwa. Alikuwa mnyonge. Simu yake imejaa, na video ya harusi ya mwanawe Shilinde iko humo, haipokei hata ujumbe tena. Akaniuliza kama mashine yangu inaweza kuipokea harusi kwa muda.

Nilijua ni harusi fupi. Kumbe mpiga picha aliwapiga ng'ombe wa mahari mmoja mmoja. Mmoja mmoja! Kila ng'ombe anageuka, anaonyeshwa pembe, anaonyeshwa mkia, Nyamizi ananitajia jina lake na tabia yake. Bwana harusi mwenyewe tulimwona mara moja, nyuma ya dume jeusi.

Sasa mgeni unamweka wapi? Ghalani? Watu wangenielewaje? Mgeni anakaa mbele. Nikaiweka harusi diski ndogo.

Mstari mwekundu kama pilipili. Nikaufunika kioo na kitambaa cha kufuma ili nile kwa amani.

Alhamisi, 6 Agosti

Asubuhi mashine ikawa nzito. Ukibonyeza kitu unaweza kuchambua mchele wa kutosha watu wanne kabla hakijafunguka. Nikajua imechoka na ng'ombe wale. Nikaizima ipumzike.

Nikaiwasha. Haikuamka.

Kioo cheusi. Maandishi meupe, madogo, ya ukali. Nikaizima nikaiwasha. Yale yale. Nikaitoa kitambaa. Nikaipepea kwa ungo. Nikaiombea. Yale yale!

Nikakaa chini. Mama yuko humo. Yuko humo na sehemu nyingine yoyote hayupo, na aliyemtoa ghalani ni mimi.

Baba Agnella akasema ampigie Agnella. Nikamkatalia, mtoto yuko kazini, asije akapata presha bure. Ukweli niliogopa kugombezwa.

Na saa hiyo hiyo bajaji ikasimama mlangoni. Bibiana! Na spika kubwa kama kiti cha baba paroko. Hajanywa hata maji, akataka kwanza amsikie mama. Nikairudishia kitambaa, nikasema mashine imelala. Akasema mchana huu? Nikasema ilikesha. Akafunua kitambaa, akasoma maandishi meupe mpaka mwisho kana kwamba anayaelewa, akatikisa kichwa. Akasema pole wifi, ndiyo maana mimi nina spika.

Sijui usingizi utatokea wapi.

Ijumaa, 7 Agosti

Bibiana, bila kutumwa na mtu, kaniletea fundi. Wendelin, yule wa simu karibu na stendi. Kijana ana adabu, shikamoo yake inainama mpaka chini. Akaitazama mashine, akasema mama Agnella, kazi ndogo hii. Diski ya kuwashia imeshiba mpaka kooni. Naifuta yote, napiga windo upya, ile programu ya kuiwasha, inaamka. Akauliza: vitu vyako vya maana viko diski kubwa, si ndiyo?

Bibiana alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni.

Nikasema ndiyo.

Nikajisikia naisema. Ndiyo! Mdomo huu! Wendelin akatoa flashi mfukoni kuanza kufuta.

Nikasema hakuna fundi anayefanya kazi nyumbani kwangu na njaa. Akasema amekula. Nikasema kwangu hajala. Nikampa chai na maandazi. Alipomaliza akaigusa mashine, nikamletea wali na perege. Akashukuru, akainuka. Nikamwambia mama yako akisikia umeacha kichwa cha samaki atanifikiriaje? Akala kichwa. Nikaleta viazi vitamu. Nikaleta papai. Bibiana akanivuta pembeni kuniuliza kama namnenepesha yule kijana kwa ajili ya sikukuu.

Katikati ya viazi na papai nilijificha nyuma ya choo, nikampigia Agnella. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini. Akasema mama, Wendelin asiguse chochote, niko ndani ya basi, nimeshapita Mikumi.

Nikarudi ndani. Wendelin alikuwa amelegeza mkanda, amepiga magoti mbele ya mashine, kidole juu ya kibodi. Nikapiga kelele. Sikupanga kupiga kelele! Nikasema usiifute, mama yangu yumo, yuko hiyo ndogo, nilimweka mimi.

Nikamsubiri Bibiana acheke.

Hakucheka. Alikaa chini kwenye mkeka. Akasema wifi, yule mama ndiye aliyenifundisha mimi kusuka ukili, sasa wewe ulikuwa unaniachia huyu mtoto amfute? Halafu ndiyo akaanza kunigombeza, na alinigomba vizuri, mpaka Wendelin akaomba ruhusa aondoke. Akaondoka kwa miguu, anaikokota baiskeli. Kupanda alishindwa, tumbo.

Agnella kafika jioni. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Akafungua mashine, akaichomoa diski ndogo, kitu chenyewe kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta yake ya kukunja. Tukasubiri. Bibiana kanishika mkono, kaubana mpaka pete ikaniumiza.

Kwanza walitoka ng'ombe. Dume jeusi, lile lile. Baadaye mpira. Baadaye ubatizo.

Halafu mama. Amekaa, kibanio cha moto mkononi, anauliza hiyo simu inamtazama nini.

Jumamosi, 8 Agosti

Misa imekuwa nzuri. Watu wamejaa uani. Agnella ameweka diski ndogo mpya aliyokuja nayo, kubwa kuliko ile ya kwanza, vitu vyote kavirudisha ghalani, mashine imeamka kama mtoto aliyenyonya. Spika ilikuwa ya Bibiana. Imebidi. Mashine yangu sauti yake ni ya nzi, nakubali leo tu.

Mama akaongea. Mimi video hiyo nilikuwa naitazama mwanzo tu, nikiona uso wake machozi yananiziba, naifunga. Kumbe katikati ananisema mimi! Anasema huyo Philomena wangu ana moyo mzuri lakini ana hofu. Alipokuwa binti nilimpa mbegu anitunzie, akaona juu ya moto hapatoshi, akaishusha karibu zaidi na moto, na zaidi. Msimu wa kupanda tulikuta bisi. Tukazila, tufanyeje.

Uani hapakukalika! Padri alijifuta macho. Baba Agnella alijipigapiga mapaja. Nyamizi alicheka Kisukuma kabisa. Bibiana alicheka mpaka akaangua kilio, akaniegemea begani, akasema irudisheni, irudisheni hapo pa bisi. Tumeirudia mpaka watoto wakaijua kwa moyo.

Nilicheka na mimi. Sauti yake ile! Kama yuko jikoni.

Jumapili, 9 Agosti

Agnella kaondoka na basi la asubuhi. Kabla hajaondoka alinikalisha mbele ya mashine, akanishika mabega, akanieleza polepole, kama nilivyokuwa namweleza yeye alipokuwa mdogo. Mama, diski ndogo ni mlango. Mlangoni hatupangi magunia. Vyote viende ghalani, na nakala ya Bibi nimeichukua mimi, nyingine anayo shangazi Bibiana. Usiogope tena. Maneno matamu, yametulia. Nikamwomba ayarudie nimrekodi na simu, nisije nikasahau. Akarudia yote, mwishoni akacheka akasema nakupenda mama, usiguse diski ndogo.

Sasa nyumba iko kimya. Bibiana naye kaondoka na spika yake, na mihogo yangu.

Nimemtazama Agnella kwenye simu mara kadhaa. Simu inaweza kudondoka, inaweza kuibiwa sokoni. Ghalani napo, na picha zote zile, mtoto atapotelea humo nani amwone? Na maneno yenyewe ni ya maana, hayakai popote tu.

Nimemweka diski ndogo. Hiyo mpya ina nafasi ya kutosha, pana kama uwanja. Nimemweka peke yake, katikati, karibu kabisa na moto.

Na Nyamizi anasema Shilinde kapata mtoto, kuna video ya ng'ombe wa kumpongeza. Nimemwambia ailete.