Mafuta ya Makonyo kwenye Cheni

Jumatatu, 14 Oktoba
Pikipiki imefika. Nyekundu, ndefu, matairi ya meno, ya kupandia vilima vya matope. Kijiji kizima cha Gando hakuna mwenye kama hii. Aliyeniuzia kule mjini Chake kanipa darasa: oili ya mwanzo imwagwe mapema, cheni isafishwe na kupakwa oili kila ikitoka matopeni, sponji ya eya klina, ile inayochuja hewa ya injini, ioshwe. Nikaitikia naam, naam. Kitu kipya unakifungua cha nini?

Bi Saada anatafuta mtu wa kumteremshia karafuu mbichi kutoka shamba msimu mzima. Atamtaja Ijumaa baada ya sala. Nikipata kazi, naezeka bati. Nikikosa, Moza keshasema mvua za vuli hazimkuti tena chini ya makuti haya. Atarudi kwa mamake. Mke wangu hatanii.

Mshindani ni Ngwali pekee. Pikipiki kuukuu ya barabarani. Kila asubuhi kapiga magoti anaipigisha cheni mswaki. Mwanamme mzima!

Jumanne, 15 Oktoba
Nimepanda na kushuka kilima cha Bi Saada ili wachumaji wanione. Matope mpaka masikioni. Ngwali kanisalimu vizuri, halafu ati cheni yangu inalia, niipake oili. Nikamwambia inaimba. Hajui muziki yule.

Jumatano, 16 Oktoba
Inalia kwelikweli. Oili ipo dukani, lakini duka ni la shemeji yake Ngwali. Aniuzie huku akicheka? Thubutu.

Nikakumbuka chupa ya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ambayo Moza humkandia mamake magoti. Mafuta yanayolainisha magoti ya mkwe wangu Bi Rahila yatashindwa na cheni? Nikaimiminia tele. Yaliyobaki nikaoshea sponji. Cheni kimya. Hao mafundi wa Chake wanasomea nini, sijui.

Moza kaulizia chupa. Nikamwambia joto limeyakausha. Kanusa hewa, kaniangalia, kaenda zake jikoni.

Alhamisi, 17 Oktoba
Sponji imekuwa uji. Nimeichokoa kwa kidole na kuitupa. Si kitu, sasa injini inapumua bila kizuizi. Inakohoa kidogo. Ngwali kasema inakula mchanga. Husuda tu.

Alasiri vijana wa doria ya magendo ya karafuu wakanisimamisha. Harufu ya karafuu ilinitangulia, na msimu huu anayenukia karafuu bila gunia lazima aseme gunia kalificha wapi. Wakang'oa kiti, wakachungulia tangi, wakaninusa mpaka viatu. Nikawaambia ni dawa ya cheni. Sheha wetu, Mzee Rajab, akaitwa. Akasema tangu azaliwe Pemba hajaona mtu akipaka makonyo kwenye cheni, basi hapo pana jambo. Wamenipekua hadi magharibi, hawakuona hata punje. Wajinga watupu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Habari ilifika msikitini kabla yangu. Baada ya sala nikaenda kwa Bi Saada. Injini ikazimika chini ya kilima, nikaisukuma juu nimevaa kanzu. Wachumaji wakanipigia makofi kutoka mitini.

Bi Saada kaniita mwanangu, kanimiminia kahawa. Kisha kasema karafuu ni amana, na mimi nimeshikwa na harufu yake kabla sijabeba hata pishi moja. Kazi kapewa Ngwali.

Ngwali akanifuata nje. Ati shamba kubwa, peke yake hataliweza. Niipeleke pikipiki kwake jioni, tumwage oili, tusafishe cheni, tutafute sponji mpya; Jumatatu nianze kubeba naye, Bi Saada keshakubali. Nikamwambia sihitaji kufunzwa na mtu wa mswaki. Akasema haya, akashuka zake.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mvua usiku kucha, na sisi ndani kama tumelala uwanjani. Asubuhi Moza kafunga nguo. Nilipomsimulia maneno ya Ngwali, nikitaraji acheke, akavaa buibui akaondoka. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Inauma, sitaki kusema uongo.

Lakini nimeketi nikafikiri, na kosa nimeliona: ni harufu tu. Mafuta ya nazi hayatiliwi shaka na doria yoyote, na mtungi Moza kauacha. Cheni nimeshaipaka. Sponji nayo nimepata, safi, nene, bila kumpigia mtu magoti. Nimeikata kwenye godoro, upande wa Moza.