Kamati ya Kuondoa Harufu

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba mnamo Januari 2008, harufu ilisimamishwa kwa muda katika maeneo yote kuanzia Kibera hadi Kawangware. Ladha ziliruhusiwa kwa kibali. Rangi zilibaki mbili, nyeupe na kijivu, hadi hapo hali itakapotulia.

Natangaza haya kwa sababu mimi ndiye niliyeyaandika. Naitwa Jeconia. Mimi ni mwandishi wa vitabu, na nalisema hilo mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kulisema. Riwaya yangu ya kwanza inaanza na kurasa tisa za mvua ikinyesha juu ya mabati ya mtaa wa Gatina. Msomaji akifika ukurasa wa kumi, mhusika mkuu bado hajatoka kitandani. Mhakiki mmoja aliandika kwamba kitabu kilimpa homa, nami nikalipokea neno hilo kama sifa.

Uchaguzi ulipoharibika na mitaa ikawaka, Idara ya Utulivu wa Lugha ilitafuta mtaalamu wa taswira. Mkurugenzi wake, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliniita akanieleza hatari iliyopo. Mwandishi mzuri, alisema, hasemi tu kwamba nyumba iliungua. Anasema jinsi godoro lilivyonuka likiungua. Msomaji akinusa, anatafuta moto uko wapi. Asipouona, anauwasha mwenyewe ili sentensi isiende bure. Kwa hiyo taswira ni kiberiti, na waandishi wote ni watu wa kuchungwa.

Miaka yote niliyoandika, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maneno yangu yanaweza kuwasha kitu chochote. Machozi yalinilengalenga. Niliukubali uenyekiti wa kamati kabla hata hajasema kama kuna chai.

Tulifanya kazi kwa bidii. Moshi tuliuita wingu la chini. Gesi ya machozi ikawa hewa ya serikali. Panga likawa kifaa cha shamba kilichopotea njia. Kila aliyetaka kueleza yaliyompata mbele ya ofisi yoyote alipitia kwangu kwanza, nami nikayasafisha maelezo yake mpaka yakatulia. Bibi mmoja wa Kibera alikuja na kisa kirefu cha kutisha, akaondoka na sentensi moja: "Nilikuwepo." Niliirudia sentensi hiyo kwa fahari. Mimi mwenyewe sijawahi kuandika kitu kifupi namna ile.

Kisha akaja Filister.

Filister aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale kituo cha Kawangware 56. Kabla ya vurugu alipanga chumba Gatina, mlango wa pili kutoka kwa Nzembi, mama wa kutoka Kitui aliyekuwa akifulia watu nguo. Sasa Filister alikuwa akiishi na watoto ndani ya hema kwenye uwanja wa kanisa huko Riruta, na Nzembi alikuwa selo. Polisi walipopita wakitafuta mali iliyoporwa, walikuta kwa Nzembi gunia la omena lenye jina la Filister, limeandikwa kwa wino mkubwa. Kesi ingesikizwa kesho yake na Mkurugenzi mwenyewe, kwa sababu idara yetu ilikuwa imekabidhiwa pia malalamiko ya majirani. Nzembi akipatikana na hatia, angepelekwa jela, na watoto wake wangebaki kule kwenye ploti ya Gatina wakilishwa na yeyote mwenye huruma.

"Nzembi si mwizi," Filister aliniambia hata kabla ya kukaa. "Hiyo gunia alinisaidia nayo."

"Eleza polepole, mama," nikasema. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari.

"Wale vijana wa mapanga walikuwa wanapita ploti kwa ploti. Hawakuwa wanauliza kitambulisho. Walikuwa wananusa. Wakisikia omena, wanajua hapa kuna mtu wa ziwa, wanavunja mlango. Na mimi niko na gunia mzima kwa nyumba, watoto nimewaweka chini ya kitanda. Nzembi akatoka kwake na sufuria ya muthokoi, chakula ya kwao Ukambani, bado inachemka, akaiweka kwa jiko yangu, akatoa kifuniko. Akakaanga vitunguu mingi kando. Halafu akabeba gunia yangu akaenda nayo kwake. Akaniambia, 'Mama Audrey, mimi wakiniuliza nitasema ni chakula ya kuku.' Hao watu wakafika kwa mlango yangu. Niliwasikia wakivuta pumzi. Mmoja akasema, 'Hawa ni wa Ukambani, twendeni.' Wakaenda. Ndio maana unaniona hapa naongea na wewe."

Kilikuwa kisa kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, na wivu ulinipanda. Kisha nikakumbuka cheo changu, nikaanza kukata. Nilikata omena. Nikakata muthokoi, kwa kuwa ilikuwa na mvuke. Nikakata vitunguu, na kwenye pumzi za mlangoni nikapiga mistari miwili, maana hapo hata mimi nilisisimka. Nikamsomea kilichobaki.

"Bi Nzembi aliingia nyumbani kwangu. Akachukua gunia langu. Akalipeleka kwake."

Filister alinitazama. "Mzee, sasa hapo si umemfunga?"

"Nimeyatuliza maelezo, mama."

"Ukitoa harufu, kinabaki ni wizi."

"Harufu imesimamishwa. Si mimi niliyetaka."

"Ni nani alisimamisha?"

Nilimwambia ni kamati. Akauliza mwenyekiti wa kamati anakaa wapi, ndipo nikalazimika kumwonyesha kiti nilichokalia.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Kanuni inasema kielelezo sharti kiwe mbele ya msikilizaji, kwa hiyo gunia liliwekwa mezani, karibu na Mkurugenzi. Lilikuwa limekaa kwenye stoo yetu tangu siku ya msako, na stoo yetu inavuja. Kuhusu hali ya hewa ndani ya ukumbi huo, ule waraka wa harufu unanibana. Sina la kusema. Naweza tu kuripoti kwamba chai ililetwa na hakuna aliyeigusa, kwamba karani aliomba ruhusa ya kwenda kuzika shangazi, na kwamba nzi walifika wawili, wakaangalia, wakaenda kuita jamaa zao.

Filister alisimama akasoma sentensi zake tatu jinsi nilivyomwandikia. Nzembi alikuwa kwenye benchi kando ya askari, kitenge kimekunjana, ameisha kwa siku chache tu. Alimgeukia rafiki yake.

"Mama Audrey, ni hivyo unasema?"

"Walininyang'anya hiyo ingine," Filister akajibu, na sauti ikamkatika. "Walibaki nayo."

Aliyebaki nayo ni mimi. Niliona haya, haya kweli, ile ya kutamani sakafu ifunguke. Nikajifanya napanga karatasi.

Mkurugenzi alikuwa ameziba pua kwa kitambaa tangu aingie. Sasa alitakiwa kutoa uamuzi, na mtu hawezi kutoa uamuzi wa serikali bila kuvuta hewa. Akaondoa kitambaa. Akavuta. Macho yakamtoka.

"Nini hii inanuka hivi?"

Waraka wa kusimamisha harufu ulikuwa ukutani nyuma yake, na sahihi yake ilikuwa chini ya waraka.

"Hivyo ndivyo kwangu kulikuwa, mzee," Filister alisema. "Na hao watu wako kwa mlango, wananusa, watoto wako chini ya kitanda. Nzembi akabeba hiyo harufu akaenda nayo kwake."

Mkurugenzi alilitazama gunia, kisha akamtazama Nzembi. Napenda kuamini kwamba alijiona chini ya kile kitanda, pamoja na watoto. Inawezekana pia alitaka tu kupumua. Nimeitumikia serikali kwa muda wa kutosha kujua kwamba mambo hayo mawili hayatenganishwi kirahisi.

"Huyu mama aende nyumbani kwake," alisema haraka. "Hana kosa. Na hii ipelekwe kwa mwenyewe, sasa hivi."

Nikamweleza kwamba idara haina petroli.

"Basi weka kwa gari yangu, nitaipitisha Riruta. Bora itoke hapa."

Nzembi na Filister walitoka wameshikana mikono. Walielekea Gatina kwa miguu kuwachukua watoto wa Nzembi, na tuliwasikia wakicheka kabla hawajafika barabarani, kicheko kile cha mtu aliyechoka kulia. Mkurugenzi akaondoka na dereva wake, vioo vyote vimeshushwa. Nami nikaketi kuandika kumbukumbu za kikao kwa mujibu wa waraka. Kazi nzuri lazima iandikwe ikiwa bado mbichi.

Sijamaliza kupiga mhuri, simu ikalia. Alikuwa Konstebo Shivachi, kutoka kizuizi cha polisi kwenye njia ya Riruta.

"Ofisi? Hapa tumeshika jamaa na gunia kwa buti ya gari. Gunia iko na jina ya mwanamke. Anasema yeye ni Mkurugenzi."

"Ni Mkurugenzi kweli, afande."

"Siku hizi kila mtu tukimshika na mali ya wenyewe ni mkurugenzi. Anasema nyinyi mko na maandishi ya vile hii kitu iliingia kwa gari yake. Hebu nisomee."

Nilifungua kumbukumbu nikasoma kwa sauti ya ofisi. "Mkurugenzi aliingia ukumbini. Akaona gunia. Akaagiza lipakiwe kwenye gari lake. Akaondoka."

Shivachi akauliza, "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

"Hakuna mahali imesema kwa nini alichukua?"

"Ilikuwepo. Imesafishwa."

"Sawa. Basi ni wizi. Lakini ongea na yeye, anasumbua sana hapa."

Nilisikia simu ikibadilisha mikono, na kwa nyuma nzi.

"Jeconia," Mkurugenzi alisema, na ule upole wa sauti ulikuwa umekwisha. "Waambie ilikuwa inanuka. Usiwaambie tu inanuka, waambie vile ilikuwa inanuka, mpaka waisikie. Wanataka kunipeleka selo. Si wewe ni mwandishi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba maelezo maishani mwangu. Mvua yangu ya kurasa tisa niliiandika bila kutumwa na yeyote. Sasa nilikuwa na mtu aliyeyahitaji maneno yangu kama maji, na maneno yalikuwepo yote: unyevu wa stoo, chumvi, magamba, ile harufu inayokaa kwenye nguo mpaka Jumapili. Yalinijaa mdomoni. Niliutazama waraka ukutani, na sahihi, na mhuri.

Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kibali cha kutaja harufu hutolewa na Mkurugenzi peke yake, akiwa ofisini, na kwamba kwa sasa Mkurugenzi ametoka.