Mishale Yote Inaelekea kwa Mbugua

Jumatatu, 8 Mei 2006

Mkurugenzi wetu, Bwana Odero, ametangaza kwamba kampuni yetu ya bima itakuwa na Mkuu wa Mikakati. Bodi itamteua wiki ijayo. Kazi ni yangu. Nani mwingine? Mimi ndiye Meneja wa Uidhinishaji tangu kampuni ihamie jengo hili. Nimemwambia mke wangu, Mwihaki. Mwihaki amewaambia akina mama wa kanisa letu huko Kinoo. Basi haiwezekani tena kurudi nyuma.

Kikwazo ni kimoja: Kavutha. Ameajiriwa majuzi kama msanifu wa shirika. Nilidhani ni msanifu wa majengo, nikamwomba aje aone nyufa za bafuni kwangu. Akacheka. Akaeleza kwamba yeye huchora jinsi kampuni nzima inavyofanya kazi: nani humpa nani nini, kwa sababu gani, na mteja hupata nini mwishoni. Nikamwambia mchoro huo tayari tunao, chati ya vyeo, upo mapokezi. Akasema chati ile inaonyesha tu nani huanza kumwamkia nani. Jibu zuri! Nimelikariri. Nitalitoa mbele ya bodi kama langu.

Jumatano, 10 Mei

Kavutha amebandika karatasi katika chumba cha mikutano, kutoka mlangoni hadi dirisha linalotazama Kenyatta Avenue. Kila idara ni kisanduku. Kila kazi inayohama ni mshale. Haulizi mtu cheo chake. Anauliza: kazi ikikwama, unampigia nani simu? Kisha ananyamaza. Watu wanamwaga yote. Kimanzi wa Madai, ambaye salamu tu humtoka kwa shida, alizungumza mpaka chai ikapoa. Sijawahi kuona mtu akisikiliza hivyo.

Saa ya chakula nilibaki peke yangu nikiutazama ule ukuta. Ajabu! Amegundua kwamba mteja mmoja kwetu ni watu watatu, kwa kuwa Magari, Nyumba na Maisha kila idara ina kompyuta zake na hazisemezani. Mtu anaweza kufa katika idara ya Maisha na idara ya Magari ikaendelea kumtakia Krismasi njema. Tumeishi hivyo miaka yote. Yeye ameliona kwa siku chache.

Kisha nikaona kisanduku changu. Mishale! Kutoka Madai, Magari, Fedha, kila upande, yote inaelekea kwangu. Cha Odero kina mmoja, nao unatoka kantini. Kumbe kampuni imesimama juu yangu! Mpango: kabla ya bodi kukutana, niongeze mishale.

Alhamisi, 11 Mei

Nimetoa waraka. Kuanzia leo madai ya vioo vya magari pia yapite kwangu. Na maombi ya viti. Kavutha alipita, akauliza kwa adabu kama nina uhakika. Nikasema kabisa. Akachora mishale mipya. Kwa kalamu nyekundu! Nimefurahi. Nyekundu huonekana mbali.

Jumamosi, 13 Mei

Nimempeleka Kimanzi Kenyatta Market, nyama choma, ili akubali kuniletea hata madai madogo madogo. Mbavu safi. Nilikuwa katikati ya kumweleza jinsi Kavutha asivyojua bima, sauti ikatoka saluni iliyo mkabala: "Endelea tu, Bwana Mbugua, nasikia vizuri."

Kavutha. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Eti yuko kazini! Amechagua dai moja, analifuata kutoka kwa mteja hadi hundi. Mteja ni Rael, mwenye saluni. Bomba lilipasuka Januari, mashine zake za kukausha nywele zikaharibika.

Rael aliacha kusuka. "Wee! Kumbe Mbugua ni mtu? Kila nikipiga simu naambiwa dai limefika Mbugua. Mimi nilijua ni mji, huko mbele ya Kinoo."

Saluni nzima ikacheka. Kimanzi naye, mdomo umejaa nyama yangu. Nikamweleza Rael kwa utulivu kwamba sitii sahihi dai lisilokamilika. Akauliza lake linakosa nini. Nikasema sahihi.

Jumanne, 16 Mei

Bodi. Nilivaa suti ya harusi. Nilimwomba Kavutha aanze na kisanduku changu. Akasema ndivyo alivyopanga. Muungwana kweli.

Hakupandisha sauti, hakutaja neno moja gumu. Alianza na saluni ya Rael, akafuata dai lake kwa kidole, mshale kwa mshale, mpaka kwangu. Kidole kikasimama. Mjumbe mmoja wa bodi akauliza mshale wa kutoka uko wapi. Ukatafutwa ukuta mzima. Haukuonekana.

Kavutha akasema hakuna haja ya kununulia kila idara kompyuta mpya. Mteja awe mtu mmoja kwa idara zote, na kisanduku kimoja kiondolewe. Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote nilizosikia katika chumba kile. Nilipiga makofi. Nilikuwa bado napiga nilipoelewa ni kisanduku kipi.

Kavutha ndiye Mkuu wa Mikakati. Idara yangu imefutwa. Odero alitaka niende nayo. Kavutha akakataa, akasema hakuna anayejua kona za uidhinishaji kama mimi, nimsaidie kuzinyoosha.

Mwihaki alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ni nani kati yetu atawaambia akina mama.

Alhamisi, 18 Mei

Rael amelipwa. Dai liliondoka kwa Kimanzi asubuhi, jioni hundi ikawa saluni. Kimanzi anapiga mluzi koridoni. Sikujua kampuni hii inaweza kukimbia. Kavutha ni mwanamke hodari, nami nasema hivyo nikiwa nimepoteza ofisi yenye dirisha.

Jumatatu, 22 Mei

Kavutha ameniuliza tutaondoaje sahihi zisizo na kazi. Nimemwandalia pendekezo. Safi sana! Tutaunda Kamati ya Kupunguza Sahihi. Hakuna sahihi itakayofutwa ovyo: idara italeta ombi, kamati italipitia, mwenyekiti atatia sahihi. Mwenyekiti ni mimi.

Mchoro tayari. Mishale inapendeza, na safari hii sikusahau wa kutoka. Unatoka kwangu upande wa kulia, unazunguka juu ya kisanduku, unarudi kwangu upande wa kushoto. Nimeuchora kwa kalamu nyekundu.

Mwihaki amekwishawaambia akina mama: Mwenyekiti.