Jumba la Vitanda Kumi na Nane

Kibao kilitundikwa asubuhi, kahawa haijachemka: NYUMBA HII INAUZWA. Kilitundikwa kwenye geti la lile jumba la ghorofa linalotazamana na kijiwe chetu, na kijiwe kizima kikapandwa na joto. Miaka ishirini tumekaa kwenye benchi lile tukilitazama jumba hilo, halafu linauzwa bila mtu kutuuliza.

"Atakayelinunua hana habari," alisema Bomba, fundi wetu wa mabomba, ambaye aliingia mle mara moja tu kuzibua choo na tangu siku hiyo anajiona mwenyeji. "Mle ndani kuna mzimu."

"Mizimu," Wakili akamsahihisha. Huyu si wakili. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama mpaka alipostaafu, na sheria aliyonayo ni ile iliyomfikia pale mlangoni.

Kinyozi, mwenye benchi, alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Akasema mzimu ni mmoja tu, na ni Mzee wa Vitanda mwenyewe.

Kwa asiyejua, Mzee wa Vitanda ndiye aliyejenga jumba. Alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda vizito vya miguu ya kuchonga, akavipangia bei ambayo hata yeye asingeiweza. Watu walikuja, wakavilalia kuvijaribu, wakashukuru, wakaenda zao. Badala ya kushusha bei, mzee akajenga chumba cha kuviweka. Kilipojaa akajenga kingine, kisha ghorofa juu yake. Anafariki, jumba lina vyumba kumi na vinne, vitanda kumi na nane, na watoto watatu wa kuvilalia. Hiyo ndiyo historia na haina ubishi. Ubishi uko kwenye yaliyofuata.

Kinyozi anashikilia kwamba kila siku saa saba mchana mzee huburuta vitanda huko ghorofani, bado anatafuta mteja. Bomba anasema hapana, ni dada yake mzee, yule aliyekuwa akishika funguo za vyumba vyote hadi akafia kwenye ngazi nazo mkononi. Mzimu wa Wakili ni mteja wa zamani wa vitanda aliyekuja kujaribu kimoja, akalala moja kwa moja.

"Kama alilala moja kwa moja, anatembeaje?" Bomba akauliza.

"Ameshaamka. Tatizo ndiyo hilo."

Mimi ni fundi saa, mtu wa vipimo. Niliwaambia wote ni waongo, kisha nikawakumbusha bibi harusi asiye na kichwa anayesimama dirishani kule chini, kwa sababu niliona maongezi yanaanza kupoa.

Ndipo geti likafunguka, akatoka Dada Fundi. Huyu ni kitinda mimba wa Mzee wa Vitanda, anashona nguo kwenye chumba cha chini, na ndiye pekee aliyebaki mle. Kaka zake wawili wanaishi mbali na huja kwa ajili ya kugombana tu. Alivuka barabara, futi ya kupimia ikiwa shingoni, wala hakutusalimu.

"Miaka ishirini mnawaambia wateja wangu mle kuna mizimu," alisema. "Kuna bibi harusi alilipa gauni lake lote, hakurudi kulichukua. Nikanyamaza, maana nyie ni majirani zangu. Sasa kaka zangu wanauza. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi: asipopatikana mnunuzi, kibao kinatoka na mimi nabaki kwetu. Akipatikana, sina pa kwenda. Kesho saa nne anakuja daktari wa meno kuangalia nyumba. Yale mliyokuwa mnawaambia wateja wangu, mwambieni na yeye."

Tukawa tunaangalia viatu vyetu. Niliona haya, nasema kweli. Gauni lile lilining'inia dirishani miezi minane, na hadithi ya bibi harusi asiye na kichwa niliianzisha mimi.

Dada Fundi alipoondoka, Wakili akashika usukani. Alisema mashahidi wanne wenye mizimu minne ni kesi iliyokwisha kufa, kwa hiyo tuchague mzimu mmoja na tuung'ang'anie. Tulichagua kuanzia saa tatu hadi saa sita. Bomba aliapa hatamsaliti mwenye funguo, akanuna, akahama, akarudi. Mwisho tulimpitisha Mzee wa Vitanda, si kwa ushahidi, ila Kinyozi alitishia kuingiza benchi lake ndani.

Kesho yake daktari wa meno alifika kwa wakati. Mtu mpole, viatu vinang'aa, akatuomba akae kidogo awajue majirani. Kazi yake ni kuangalia watu waliofunua midomo, na sisi hatukumcheleweshea. Kinyozi alianza vizuri sana. Alieleza vitanda vinavyoburutwa, akaonyesha kwa kuburuta kiti, akaguna kama anavyoguna mzee.

"Analia?" daktari akauliza.

"Analia sana. Mtaa mzima tunamsikia."

"Mimi wa kwangu wanaanza kulia kabla sijawagusa," alisema daktari, akitabasamu. "Nimeshazoea."

Tukaona jahazi linazama. Bomba akashindwa kuvumilia, akamtupia habari ya mwenye funguo, eti alianguka kutoka ngazi ya juu hadi ya chini. Wakili alimkanyaga mguu, lakini alichelewa. Kinyozi, ambaye hapendi kuingiliwa, akasema huo ni uzushi, yule mama hakufia kwenye ngazi. Alifia hospitali siku ya Alhamisi, na yeye alimwona akitolewa getini kupelekwa huko, amefunikwa blanketi la bluu.

"La kijani," nikasema. Kuna uongo mwingine mtu hawezi kuunyamazia.

"Kijani ni siku aliyoondoka mke wa kaka mkubwa," Kinyozi akasema.

"Yule aliondoka na masanduku mawili na sufuria."

"Masanduku matatu," akasema Wakili. "Moja alilirudia jioni."

"Akakaa ndani dakika ishirini na mbili," nikaongeza, "akatoka analia."

"Halii yule. Alikuwa na mafua tangu Jumapili," akasema Bomba.

Hapo tulikuwa tumeshamsahau daktari. Tulipomkumbuka, tabasamu lilikuwa limemtoka. Aliuliza taratibu haya yote tumeyajuaje.

"Tulikuwa hapa," akasema Kinyozi.

"Kila siku?"

"Mvua ikinyesha tunasogea chini ya paa."

Daktari akageuka kulitazama geti, kisha madirisha ya juu, kisha sisi, mmoja mmoja. "Kwa hiyo mimi nilipokuja jana..."

"Juzi," Bomba akamrekebisha, bila ubaya wowote. "Saa tano na robo, gari la kijivu, kibao hakijatundikwa. Ulizungumza dakika arobaini na mtu, kumbe ni dalali. Wakati unatoka ukajikwaa kwenye kizingiti, ukaangalia huku na huku kama kuna aliyekuona."

"Halafu ukampigia mtu simu," akasema Wakili, "ukawa unacheka kwa sauti ya chini. Kama ni mkeo au si mkeo, hilo bado hatujaafikiana."

Daktari wa meno akasimama, akakung'uta suruali.

"Mzee wa vitanda tungeelewana," alisema. "Nyie siwezi."

Akaingia garini, akaondoka. Kusema kweli lilituuma. Mtu unalinda mtaa miaka ishirini bila mshahara, malipo yake ndiyo haya. Kinyozi alisema wasomi hawana adabu. Bomba alidai kwamba angeachiwa amalize habari ya funguo, yule bwana angekimbia kwa heshima.

Kabla hatujamaliza kusononeka, Dada Fundi akatoka. Daktari alikuwa amempigia dalali simu, na dalali akampigia yeye na kumwambia yote. Alikuwa anacheka mpaka ikabidi ashike geti, na mimi, ambaye namwona kila siku, sikukumbuka ni lini nilimwona akicheka. Nilifurahi, japo nilikuwa bado nimenuna.

"Jumatatu anakuja mwingine," alisema alipopata pumzi, "wa mwisho mwezi huu. Safari hii mizimu iacheni. Kaeni tu hapa, mumwangalie."

Tulimwambia hatuwezi, sisi ni watu wazima na tuna hadhi yetu. Tulilijadili tusi hilo siku tatu nzima. Jumatatu saa moja kasoro tulikuwa tumeshafika wote wanne, na Wakili alikuja na miwani ya kuonea mbali. Mnunuzi hakuzima hata injini.